Maswali na majibu: Kupiga kambi na mbwa msimu wa joto

Joto la Desemba hadi Machi huwatoa wengi mjini, na siku hizi mbwa haachwi nyumbani. Maswali yaliyotufikia tumeyafupisha. Majibu yamerefuka pale ambapo uhai wa mnyama uko hatarini.

Naweza kuingia na mbwa hifadhini kama hatashuka kwenye gari? (Msomaji, Nakuru)

Huwezi. Hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania haziruhusu mnyama wa kufugwa kupita getini, awe garini au kwa miguu. Sababu ipo: mwaka 1994 virusi vya distempa ya mbwa viliua takriban simba 1,000 wa Serengeti, kama theluthi moja ya wote waliokuwepo.

Tafuta kambi ya binafsi, na upige simu kabla ya kulipia. Usiishie kwenye "mnakubali mbwa?" Uliza kama ataruhusiwa kulala ndani ya hema, na kama mwenyeji ana mbwa wake wanaorandaranda. Kando ya Ziwa Naivasha uliza pia kama kuna uzio wa umeme kati ya mahema na maji, kwa sababu viboko hupanda usiku kula nyasi. Mbwa hubweka, huwafuata, halafu akifukuzwa hukimbilia kwa mwenyewe, na kiboko nyuma yake.

Beba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama ni chanjo yake ya kwanza, achomwe angalau mwezi mmoja kabla ya safari.

Mbwa wangu ana kilo 25. Nibebe maji kiasi gani kwa siku tatu? (Msomaji, Morogoro)

Akiwa ametulia nyumbani hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani lita moja na nusu kwa siku. Kwenye joto na matembezi zidisha mara mbili: lita tatu kwa siku, lita tisa kwa safari nzima. Juu ya hapo weka dumu la lita 20 lisiloguswa ila kwa dharura. Kazi yake iko kwenye jibu linalofuata.

Maji utakayoyakuta huko usiyahesabu. Ya bahari humtapisha na kumharisha, na akiyanywa mengi chumvi inaweza kumletea degedege. Ya ziwa au bwawa yaliyotanda utando wa kijani kama rangi iliyomwagika ni mabaya zaidi, kwani utando huo unaweza kuwa na sumu inayoshambulia ini na mishipa ya fahamu. Hata asipoyanywa, akiogelea humo kisha akajilamba manyoya inatosha kumuua.

Nitajuaje kama anahema kawaida au joto limemzidi? (Msomaji, Tanga)

Mbwa hatoi jasho la kutosha kumpoza. Joto hulitoa kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu kama ya kwenu, kuhema hakumsaidii sana. Ndiyo maana nyuzi 31 za Tanga zinaweza kumtesa kuliko nyuzi 33 za Dodoma.

Kuhema kwa kawaida hupungua dakika chache baada ya kukaa kivulini. Joto likimzidi hakupungui: ulimi hutanuka nchani na kuwa mwekundu wa kuiva, mate huwa mazito ya kuvutika, miguu huyumba, anaweza kutapika, na ukimwita ni kama hakusikii. Kipimajoto cha kuingiza kwenye njia ya haja kubwa, ukikipaka mafuta kidogo, humaliza ubishi. Kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Akifika 40 simamisha kila kitu. Akifika 41, hiyo ni dharura.

Mpoze kwanza, safari ya kwa daktari baadaye. Mvute kivulini na ufungue lile dumu. Mwagia mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani, huku mwingine akimpepea bila kuacha, hata kwa kifuniko cha ndoo. Maji ya kawaida yanafaa, ya baridi pia yanafaa. Muhimu yaendelee kumwagika na upepo uendelee kupita. Watu humfunika taulo mbichi na kumwacha. Taulo ikishapata joto lake humziba, na unakuwa umempika. Akitaka kunywa anywe, usimmiminie maji mdomoni. Pima kila dakika chache, na akishuka hadi 39.5 acha kumwagia ili asishuke kupita kiasi.

Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama amesimama na anatikisa mkia. Figo zinaweza kufeli na damu ikashindwa kuganda siku moja hadi tatu baadaye, wakati wewe umeshatangaza amepona.

Kuzuia ni rahisi kuliko hayo yote. Tembeeni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye mchanga au lami; ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua. Bulldog, pug na boxer, na wengine wenye pua bapa, huzidiwa mapema sana. Kwa kweli hao waachwe nyumbani hadi mvua zianze. Na gari si kivuli: nje pakiwa na nyuzi 30, ndani hufika 40 kwa dakika kumi na kukaribia 50 kwa nusu saa. Kushusha kioo kidogo hakubadilishi hesabu hiyo.

Mahali pa hema pachaguliwe kwa kufikiria kivuli kitakuwa wapi saa nane mchana, si kilipo jioni mnapofika. Juu ya hema tandaza turubai, na uache nafasi ya kama sentimita 30 ili upepo upite katikati.

Nimfunge wapi? (Msomaji, Laikipia)

Usiku hafungwi nje. Chui humpenda mbwa kuliko windo lolote la kambini, na mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia. Alale ndani ya hema, zipu ikiwa imefungwa hadi chini.

Mchana usimfunge kwenye nguzo ya hema, ataling'oa. Funga kamba imara kati ya miti miwili iliyoachana mita nane au kumi, juu ya kimo cha kifua chako. Piga fundo nene mita moja na nusu kabla ya kila mti, ili pete ya kamba ya mbwa, inayoteleza kwenye hiyo ya juu, isifike kwenye shina akajizungusha. Kamba ya mbwa iwe na urefu wa kumtosha kulala chini, lakini isifike motoni wala kwenye sufuria. Iunganishe na mkanda wa kifuani, si kola: akitimka na kamba ikamkatia ghafla, shingo ndiyo inayoumia. Jua likihama, hamisha na kamba.

Nikichoma nyama, mifupa nimpe? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Ila kinachotusumbua zaidi ni gunzi la mahindi ya kuchoma: mbwa hulimeza nusu nzima, haliyeyuki, linakwama utumboni, na kulitoa mara nyingi ni upasuaji. Magunzi na vijiti vya mishikaki viingie motoni au kwenye mfuko uliofungwa, mara tu mtu anapomaliza kula. Yeye apewe chakula chake kilekile cha nyumbani, jioni kukiwa na ubaridi. Ugali na dagaa huchacha haraka kwenye joto, basi upikwe wa mlo mmoja tu.

Nina dawa ya kuogeshea ng'ombe. Naweza kumwogesha nayo dhidi ya kupe? (Msomaji, Kajiado)

Usifanye hivyo. Nyingi ya dawa hizo zina amitraz au dawa za jamii ya fosfeti, na vipimo vya kwenye chupa ni vya ng'ombe. Mbwa aliyezidishiwa amitraz husinzia, moyo hupungua mwendo na hujikongoja. Vidonge vya mbwa kama NexGard (mwezi mmoja) au Bravecto (wiki 12) hupimwa kwa kilo. Mpe siku kadhaa kabla ya safari, pamoja na chakula. Kama amewahi kupata kifafa, mwambie daktari kwanza.

Niko Minnesota, tunapiga kambi Julai. Kupe wa huku wakoje? (Msomaji, Minneapolis)

Kupe wa paa wa huko huambukiza ugonjwa wa Lyme, lakini kwa kawaida baada ya kung'ang'ania zaidi ya saa 24, basi ukaguzi wa kila jioni unalipa. Pitisha vidole nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumsokota. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta. Chanjo ya Lyme kwa mbwa ipo. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani kamba isizidi futi 6, na njia nyingi za matembezi haziruhusu mbwa, hata pale kambi inapomruhusu.

Tumerudi wiki mbili zilizopita, sasa mbwa hataki kula na amenyong'onyea. (Msomaji, Voi)

Mpeleke leo. Homa za kupe mara nyingi hujitokeza wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, watu wakiwa wameshasahau safari. Vuta mdomo wa juu uangalie fizi: zikiwa nyeupe badala ya waridi, au mkojo ukiwa wa kahawia, shuku babesia. Damu ikitoka puani, shuku erlikia. Mwambie daktari mlikokuwa na tarehe, na umwombe atazame damu kwenye hadubini kabla ya kuchoma sindano yoyote. Tiba za magonjwa hayo mawili hazifanani: doksisaiklini anayoagizwa kwa erlikia humezwa wiki nne, nayo haitoshi kumaliza babesia.