Seli za Moyo Zikifa Hazirudi: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Zaidi ya nusu ya maswali niliyopokea safari hii yanauliza jambo moja kwa maneno tofauti, yaani kama ipo njia ya mkato ya kuufanya moyo ulioharibika uwe mpya. Nimechagua manane. Walionitumia picha za vyeti vyao vya hospitali wakitaka niwapangie dozi sitawajibu, hapa wala pembeni, kwa kuwa dozi hupangwa na aliyekupima.

Kaka yangu alipata mshtuko wa moyo mwaka jana, na sasa akipanda ngazi chache tu anahema. Kuna kliniki ya nje ya nchi inayotangaza sindano ya seli shina inayootesha misuli mipya ya moyo. Familia inataka kuuza kiwanja. Unashauri nini? (Msomaji, Dodoma)

Poleni kwa kuuguza, lakini kiwanja msikiuze. Mshtuko mkubwa wa moyo unaweza kuua hadi seli bilioni moja za misuli ya moyo katika muda wa saa chache, na mahali pake hujengeka kovu ambalo haliwezi kusukuma damu. Samaki mdogo aitwaye zebrafish akikatwa moja ya tano ya chumba cha moyo wake huiotesha tena, na kitoto cha panya nacho huweza, ila uwezo huo humtoka ndani ya wiki moja tangu kuzaliwa. Binadamu mzima hana uwezo huo kwa kiwango cha kumfaa, na jambo hili limepimwa. Mabomu ya nyuklia yaliyolipuliwa hewani kwa majaribio kabla ya mkataba wa 1963 uliopiga marufuku majaribio hayo yaliongeza kaboni-14 angani, kaboni hiyo ikaingia katika chakula na hatimaye katika vinasaba vya kila seli iliyozaliwa wakati huo, na mwaka 2009 Olaf Bergmann, Jonas Frisén na wenzao wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, waliitumia kama muhuri wa tarehe ili kukadiria umri wa seli za moyo. Walikuta kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli hizo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 hafikishi hata nusu ya asilimia. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya nusu ya seli za misuli ya moyo ambazo mtu huzikwa nazo ni zile zile alizokuwa nazo tangu utotoni.

Sasa tuje kwenye sindano yenyewe ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Biashara hii ilipata nguvu kutokana na kazi za Piero Anversa, ambaye kuanzia 2001 alidai kwamba seli shina za uboho, na baadaye seli shina zilizomo ndani ya moyo wenyewe, zinaweza kujenga misuli mipya. Mwaka 2004 timu mbili huru zilijaribu jambo hilo kwa panya na hazikuona misuli yoyote mpya, lakini fedha na wagonjwa viliendelea kumfuata kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2017 hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, ambako maabara yake ilikuwa, ilikubali kushirikiana kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 10 ili kumaliza madai kwamba ruzuku za utafiti zilipatikana kwa udanganyifu, na Oktoba 2018 hospitali hiyo pamoja na Chuo cha Tiba cha Harvard zilitaka makala 31 za maabara hiyo ziondolewe majaridani kwa kuwa na takwimu za kughushi. Jaribio moja la binadamu lililotokana na kazi hiyo, lililochapishwa 2011, nalo liliondolewa mwaka 2019. Ninaposoma tangazo la kliniki linalosifia seli shina za moyo bila kugusa historia hii, najua ninasoma maneno ya mfanyabiashara.

Utafiti wa kweli upo na unasonga. Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa katika hali ya seli shina, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon, na leo maabara nyingi huzalisha kutoka kwa seli hizo misuli ya moyo inayodunda kwenye kisahani. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Osaka walibandika tabaka la seli za aina hiyo kwenye moyo wa mgonjwa mwaka 2020. Kikwazo kimojawapo ni kwamba seli ngeni huja na mdundo wao: nyani waliopandikizwa takriban seli bilioni moja katika jaribio la 2014 walipata misuli mipya, lakini mapigo yao yakavurugika. Majaribio halali ya namna hii husajiliwa, na kwa kawaida mgonjwa halipishwi tiba inayojaribiwa, hivyo anayekudai bei ya kiwanja ili akufanyie majaribio amekwisha kukuonyesha yeye ni nani. Fedha mlizo nazo zitumieni kumrudisha kaka kwa daktari wa moyo, na mwulizeni swali moja: moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri una makundi manne ya dawa ambayo majaribio makubwa yamethibitisha kwamba yanarefusha maisha; je, yeye anatumia mangapi, na kama hayajatimia, ni kwa sababu gani?

Mbona sijawahi kusikia mtu akiugua saratani ya moyo? (Msomaji, Nakuru)

Ipo, ila ni adimu sana, na sababu mojawapo inayotajwa ni hiyo hiyo ya hapo juu, kwamba seli ambayo haigawanyiki hupata nafasi chache za kukosea katika kunakili vinasaba vyake. Saratani nyingi zinazokutwa moyoni zimesambaa kutoka kwingine, hasa kwenye mapafu na matiti.

Unasema seli za moyo haziongezeki, lakini mimi nina presha na daktari amesema moyo wangu umekuwa mkubwa. Umekuwaje mkubwa bila seli kuongezeka? (Msomaji, Arusha)

Swali zuri, na ningependa liulizwe mara nyingi kuliko yale ya sindano. Idadi ya seli haikuongezeka. Kila seli imenenepa. Seli ya misuli ya moyo inaposukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa siku baada ya siku, huongeza nyuzi za protini zinazojikunja, moja kando ya nyingine, hadi kuta za chumba cha kushoto zinakuwa nene. Mwanzoni hilo humsaidia mwenye moyo. Baadaye mishipa midogo haitoshelezi mahitaji ya misuli iliyonenepa, nyuzi za kovu hupenya kati ya seli, na moyo unakuwa mgumu kiasi kwamba hauwezi kulegea na kujaa damu ipasavyo. Mkimbiaji wa mbio ndefu naye huwa na moyo mkubwa, lakini wake hupanuka pamoja na kuta zake kwa uwiano, hauna kovu la namna hiyo, na kwa kawaida hupungua akiacha mazoezi. Vijana wanaojidunga homoni ili wajaze misuli wasijihesabu katika kundi hili la wanariadha, kwa kuwa homoni hizo huunenepesha moyo vibaya, na wengi wao hawajawahi hata kupima presha.

Kwako wewe, habari njema ni kwamba unene huo unaweza kupungua presha ikidhibitiwa kwa muda mrefu. Jaribio la SPRINT la Marekani, lililohusisha watu 9,361 na kusitishwa mapema mwaka 2015 kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana, lilikuta kwamba kuishusha namba ya juu ya presha kulenga chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa robo, ingawa madhara kama kuzimia na matatizo ya figo yaliongezeka kidogo, na ndiyo maana lengo lako alipange daktari. Ninachokuonya ni kuacha dawa kwa sababu kipimo kimesoma vizuri. Kimesoma vizuri kwa sababu unazimeza.

Kitunguu saumu, limau na tangawizi vikichemshwa pamoja, ni kweli vinazibua mishipa ya moyo? (Wasomaji wengi mno)

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na kulituma upya kila video mpya inaposambaa hakutalibadilisha jibu.

Nimenunua saa janja inayopima mapigo, oksijeni na presha. Je, bado nahitaji kwenda kupimwa hospitali? (Msomaji, Dar es Salaam)

Unahitaji. Saa hizi hutumia mwanga wa kijani unaofyonzwa na damu iliyo chini ya ngozi, na zinafaa kwa kuhesabu mapigo, na zile bora zaidi zinaweza pia kugutuka mapigo yanapokosa mpangilio. Katika utafiti uliofanywa kwa saa za Apple na kuchapishwa 2019, watu zaidi ya 419,000 walifuatiliwa na takriban asilimia 0.5 tu walipata taarifa ya mapigo yasiyo na mpangilio. Walipovalishwa kipimo cha umeme wa moyo cha kubandika kifuani, asilimia 34 ya wale waliokirudisha walikuwa nayo kweli. Kazi hiyo si haba kwa kifaa cha mkononi, lakini hata saa iliyo na kipimo cha umeme wa moyo huutazama kwa pembe moja, wakati kipimo cha hospitali huutazama kwa pembe kumi na mbili, na saa haiwezi kukwambia kwamba una mshtuko wa moyo. Mtu anayebanwa na kifua, jasho likimtoka na maumivu yakipanda shingoni au mkononi, akakaa nyumbani kwa kuwa saa imeandika kila kitu ni shwari, anapoteza ule muda wa saa chache ambao nimesema seli hufa.

Kuhusu oksijeni, fahamu kwamba hata vipimo vya kubana kidoleni vya hospitali vimeonekana kukosea zaidi kwenye ngozi nyeusi: watafiti wa Michigan walichapisha mwaka 2020 kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na kipimo ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Na ile presha inayosomwa na saa ya bei rahisi isiyo na mkanda wa kujaza upepo ni ya kukisia. Kwa fedha hizo hizo ungepata mashine ya presha ya kuvaa mkononi juu ya kiwiko, ambayo familia nzima ingeitumia.

Ni kweli siku hizi mtu anawekewa moyo wa nguruwe? Na sisi Waislamu tutafanyaje tukifikia hapo? (Msomaji, Zanzibar)

Hukumu ya dini waulizeni masheikh, lakini muwapelekee taarifa sahihi. Januari 2022 madaktari wa Chuo Kikuu cha Maryland walimpandikiza David Bennett moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni kumi, nne za nguruwe zikizimwa na sita za binadamu zikiongezwa, akaishi miezi miwili, na baadaye ikagundulika kwamba moyo huo ulikuwa umebeba kirusi cha nguruwe. Mgonjwa wa pili, Lawrence Faucette, alipandikizwa Septemba 2023 akaishi karibu wiki sita. Kwa hiyo hakuna mtu katika pwani yetu atakayeletewa moyo huo kesho. Kinachokuhusu leo ni kingine: baadhi ya vali za bandia (vali ni milango ya moyo inayozuia damu kurudi nyuma) hutengenezwa kwa tishu ya nguruwe, nyingine kwa utando wa moyo wa ng'ombe, na nyingine kwa madini, na heparini nyingi (dawa ya kuzuia damu kuganda) inayotumika mahospitalini duniani hutokana na utumbo wa nguruwe. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya upasuaji. Ajue pia kwamba vali ya madini humlazimu kutumia warfarini, nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara, jambo zito hasa kwa mwanamke anayetarajia kuzaa.

Lakini sitaki swali hili lipite bila kuuliza vali zetu zinaharibiwa na nini. Kwa watoto na vijana wa Afrika Mashariki, sababu kubwa ni homa ya baridi yabisi, inayoanza kwa maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoki. Kinga ya mwili wa mtoto, ikishawazoea bakteria hao, huzishambulia pia tishu za vali kwa kuwa zinafanana nao, na kila maambukizi yanaporudi vali huzidi kukakamaa. Watafiti wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na wenzao waliwapima watoto zaidi ya 100,000 kaskazini mwa Uganda kwa mashine za eko, zinazoonyesha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, wakawapata wenye dalili za awali ambazo wenyewe hawakuzijua, kisha wakawagawa 818 kwa kura: kundi moja lichomwe penisilini kila baada ya wiki nne, lingine lisichomwe. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Jaribio hilo lilifanyika Gulu, kwa dawa ya zamani na ya bei ndogo, na matokeo yake yamechapishwa katika jarida kubwa la tiba duniani, lakini sijapokea swali hata moja juu yake, huku ya nguruwe nikipokea kila wiki. Mtoto mwenye homa, koo linalouma na mafindofindo yaliyovimba, bila kikohozi wala mafua, apelekwe kituo cha afya, na akipewa dawa azimalize.

Nina miaka 72, sina ugonjwa wa moyo. Nimeze aspirini kila siku kujikinga? (Msomaji, Mombasa)

Shikamoo mzee wangu. Kwa hali uliyoieleza, usianze. Jaribio la ASPREE la Australia na Marekani, lililochapishwa 2018 likiwa na wazee 19,114 wasio na ugonjwa wa moyo, lilikuta kwamba aspirini ya kila siku haikupunguza magonjwa ya moyo kwa kiwango cha maana, na iliongeza kutokwa damu kubaya. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kuwekewa stenti (kijineli cha kuuweka wazi mshipa wa moyo) hahusiki na jibu hili, naye asiache yake.

Utafiti wote huu ni wa Wazungu. Unatuhusu nini sisi? (Msomaji, Mwanza)

Mashaka yako yana msingi, lakini "wote" si kweli, na Gulu nimekwisha kuitaja. Mojawapo ya dawa mpya kabisa za lehemu (kolesteroli) imetokana na miili ya watu weusi. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, katika utafiti wa moyo wa jiji la Dallas, waliwakuta mwaka 2005 Wamarekani weusi wachache, takriban asilimia 2, ambao jeni yao iitwayo PCSK9 ilikuwa imekatika na lehemu mbaya yao ikawa ya chini tangu kuzaliwa. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba watu wa namna hiyo walikuwa na lehemu pungufu kwa asilimia 28 na ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 88. Protini ya jeni hiyo kazi yake ni kuharibu vipokezi vya ini vinavyoondoa lehemu kwenye damu, hivyo ikikosekana, ini husafisha zaidi. Baadaye mwanamke kijana wa Zimbabwe alikutwa akiwa na nakala zote mbili zilizokatika, na akiwa mzima wa afya, jambo lililowapa watengenezaji wa dawa ujasiri. Leo ipo sindano inayochomwa mara mbili kwa mwaka kwa njia hiyo, kwa bei ambayo wengi wetu hatuiwezi, ilhali jeni iliyoizaa ni ya kwetu.

Kwa presha, soma kuhusu jaribio la CREOLE, lililochapishwa 2019, lililofanyika katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda. Lilikuta kwamba kwa Waafrika weusi, michanganyiko ya dawa mbili yenye amlodipini ilishusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko wa perindopili na haidroklorothiazaidi. Kama presha yako haishuki na mchanganyiko wako hauna amlodipini, huo ndio mjadala wa kwenda nao kwa daktari.