Salamanda wangu alipoitwa mwanasesere

Juzi msomaji wa Morogoro kaniandikia: "Dada, hao salamanda unawapataje? Nimezunguka Uluguru nikaambulia vyura tu." Nilicheka, halafu nikaona aibu. Salamanda, wale wanyama wenye umbo la mjusi lakini ni jamii ya vyura, kwetu hawapo kabisa. Mimi nimewajua ukubwani, huku Massachusetts, Marekani. Ila Uluguru kuna amfibia, yaani jamii hiyohiyo ya vyura, wasio na miguu, utadhani nyungunyungu. Ningekuwa wewe ningeanza na hao.

Usiku wangu wa kwanza ulikuwa Machi, mjini Amherst, ambako tangu 1987 salamanda wana vivuko vyao vya chini ya barabara ya Henry. Mvua ya kwanza isiyo ya baridi kali ikinyesha usiku, salamanda wenye madoa ya njano hutoka ardhini, walikojificha karibu mwaka mzima, wakaenda kutaga kwenye madimbwi ya msituni. Hayo madimbwi hukauka kiangazi, kwa hiyo hayana samaki wa kula mayai. Nikamwona mmoja, mweusi, mnene, anatembea kama mzee anayetoka msikitini. Mikono ikanitetemeka. Picha ikatoka ukungu, mahali sikuandika, tarehe nikaikumbuka baada ya siku mbili. Nilipoiweka mtandaoni, ambako watu huthibitisha mnyama uliyemwona, bwana mmoja akauliza kama si mwanasesere wa plastiki.

Hilo bado linaniuma, nisidanganye.

Basi sikilizeni. Andika papo hapo, ukiwa bado umelowa: mahali, saa, mvua ilikuwaje. Picha ya mgongo, ya ubavu, na ya pale alipokuwa. Mchana tafuta salamanda wa mgongo mwekundu chini ya magogo. Livutie gogo upande wako, tazama, lirudishe lilivyokuwa. Wengine wanayaacha magogo yamepinduka, wanakwenda zao, kisha wanajiita wapenda mazingira! Salamanda yule hana mapafu, anapumua kwa ngozi. Ngozi ikikauka amekwisha. Mkono wenye dawa ya mbu usimguse. Na mabuti yasafishe kabla ya kuhamia bwawa jingine, maana kuna kuvu aliyeua salamanda wengi Ulaya.

Tena, andika papo hapo. Najua nimeshasema.

Mwaka huu nimepata watatu, na wote wamethibitishwa. Wa mwisho jibu lilikuja sijavua hata koti la mvua. Bwana wa mwanasesere naye kapita, kaweka alama ya kupenda, kanyamaza.