Jibu: Mama anaikimbia sindano ya goti

Waalaykum salaam, dada. Nimekuelewa: mama kaandikiwa sindano ya ndani ya goti huko Chake Chake, Pemba, na kila miadi ikifika anasema "wiki ijayo".

Kwanza ulizeni ni dawa gani. Mara nyingi huwa steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu. Kama ana kisukari, daktari ajue mapema, maana sukari huweza kupanda siku kadhaa baadaye. Na kama anameza dawa za kuzuia damu kuganda, aseme pia.

Ama hofu, mama yangu tulimtoa kwa kicheko. Tulikwenda na shangazi, bingwa wa porojo. Muuguzi anapangusa goti kwa spiriti, shangazi anahadithia jogoo wake aliyepanda daladala Darajani akashushwa Mwanakwerekwe bila kulipa nauli. Mama anauliza, "Ehe, ikawaje?" na sindano ishaingia! Lakini mwambieni mapema: acheke kwa mdomo, mguu utulie. Na asiitazame sindano, kuiona ndiko kunakotisha hasa.

Akirudi nyumbani, siku moja mbili asibebe ndoo wala kupanda ngazi ovyo. Goti likiuma zaidi usiku ule, mwekeeni barafu iliyofungwa kitambaani. Likivimba, likawa jekundu na homa ikaja, msingoje kuche, rudini hospitali. Nafuu huanza baada ya siku chache, wengine hata wiki.

Mtafutieni mpiga porojo wa kwenu, Pemba hawakosekani.