Jambia la Mazoezi: Mpira, Mti au Chuma?

Kijana mmoja wa Malindi ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Tumeanza mazoezi ya jambia. Tununue ya mpira au tuchonge ya mti?" Marahaba, mwanangu. Wengi huniuliza mtu akishavunjwa kidole.

Mpira waachieni watoto. Ukimchoma mwenzio unajikunja, haumwumizi, sawa. Lakini nusu ya ufundi ni kukaba mkono. Fiore dei Liberi, mwalimu wa silaha wa Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1400, alionyesha kisu kikilazwa juu ya mkono wa adui na kutumiwa kama wenzo. Kisu kinacholegea kitakaba nini?

Kuna mgeni mmoja, mkufunzi kwa kujiita, aliyaona majambia yetu ya mti ufukweni Shela akacheka mbele ya wanafunzi wangu. Eti vifaa vya ngoma. Sijalisahau lile cheko. Yake yalikuwa ya aluminiamu, yanang'aa kweli, na jioni ile ile yalipogongana makali yaliota meno, yakawachana vijana mikono. Aluminiamu ni laini. Usipoipiga tupa kila mara, inakuwa msumeno.

Haya, mti. Kisu cha Fiore kilinyooka, jambia letu limepinda, na hapo ndipo penye kazi. Ukilikata kwenye ubao ulionyooka, nyuzi za mti zinakatika penye mpindo, na siku likivunjika linaacha mwiba mkononi mwako. Nendeni Matondoni, kijiji cha hapa Lamu, mkawatazame mafundi wa majahazi: mataruma, zile mbavu za chombo, huyachonga kwa matawi yaliyopinda yenyewe, nyuzi zikafuata umbo. Mimi nilifanya vivyo hivyo kwa masalio ya mbambakofi, mti mgumu. Hayajavunjika mpaka leo, na yule mgeni akipita nitamwonyesha. Ncha iwe ya mviringo, nene kama dole gumba, ivishwe ngozi. Kabla ya mazoezi pitisha kitambaa juu yake. Kikinasa, pana kibanzi.

Chuma butu ni cha aliyejua kuuzuia mkono wake. Vijana wa siku hizi wanakitaka cha kupigia picha! Adabu kwanza, wanangu. Mwenzio amekuazima mwili wake ujifunzie, mrudishie mzima.

Na hata kwa mti, usirushe ncha kwa mtu asiyevaa kofia ya wavu wa chuma. Ukija Lamu mti nitakupa. Kofia uje nayo.