Maswali na majibu: gari dogo lenye raha kwa pesa ya kawaida

Maswali ya magari madogo yamekuwa mengi mno, na mengi yanaomba jina la gari tu. Jina halitakuokoa. Pesa za watu zinapotelea kwenye hali ya gari walilonunua, siyo kwenye beji iliyobandikwa nyuma. Waliouliza "ipi nzuri" bila kutaja bajeti, njia wanazopita wala fundi watakayemtegemea, nimewaacha, isipokuwa kwa swali moja.

Kaka, nina milioni 9 taslimu. Nataka gari ndogo lakini iwe na raha, siyo ya kunitoa Mbezi kunishusha Posta tu. Ninunue ipi? (Kijana, Mbezi)

Mdogo wangu, kwanza weka milioni moja na nusu pembeni, usimtajie dalali. Hiyo ni ya matairi, bushi, shokapu na oili za mwanzo, maana gari lolote la bei hiyo litakudai vitu hivyo ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo una saba na nusu ya kununulia.

Raha ya gari dogo inaletwa na wepesi wa bodi, usukani unaojibu na gia unayoichagua mwenyewe. Nguvu za farasi zinafuata nyuma kabisa. Anza na Suzuki Swift ya kizazi kilichotoka mwaka 2004, ya cc 1300 au 1500. Magurudumu yamesogezwa hadi kwenye kona za bodi, na ukilikata kona halisitisiti. La pili ni Mazda Demio iliyoanza 2007. Wenzao walikuwa wakinenepesha magari kila toleo, Mazda wakapunguza kama kilo 100 kutoka Demio iliyotangulia, na mwaka 2008 gari hilo likatwaa tuzo ya gari bora la dunia la mwaka. Watu hapa wanalipita kwa sababu halina jina la Toyota, na ndiyo maana unaweza kulipata zima kwa bei ambayo IST unaipata imechoka.

La tatu ni Vitz RS ya cc 1500. Injini yake ni 1NZ, ile ile ya IST, kwa hiyo spea ziko mtaa wa Gerezani, Dar, kila duka. Ukiikuta yenye gia tano za mkono, bodi haijanyooshwa na mwenye nayo ni mtu mzima aliyekaa nayo miaka, lipa.

Swift Sport ya cc 1600, yenye farasi 125, ni tamu kuliko zote hizo. Lakini nyingi zilizopo mjini zimeshapita kwa vijana walioziendesha kila siku kama wanakimbizwa. Ukiipenda, nenda na fundi wako, aiweke juu na aangalie chasisi kwa chini kabla hujafungua pochi.

Vitz, IST na Passo ipi nzuri? (Wengi, kila wiki)

Ile iliyotunzwa. Nimelijibu hili mara nyingi, na jibu halibadiliki kwa kuulizwa tena. Kama unabeba watu wanne na kusafiri mkoani, IST ya 1500. Kama ni wewe na mtoto mmoja kwenda shule na kazini, Passo au Vitz ya cc 996 inatosha, ila usiipakie watu watano na mizigo ukategemea ipande mlima kwa furaha.

Kwa nini kila mara unasifia gia za mkono? Foleni ya Dar unaijua kweli? (Mama wawili, Tabata)

Naijua, mama, na bado nazisifia. Klachi ikiisha, unafahamu ni klachi, fundi yeyote anaibadilisha, na gharama unaijua kabla hajashusha giaboksi. Otomatiki ikianza kuchelewa kuingia gia, fundi wa kwanza atasema ni oili, wa pili atasema ni sensa, wa tatu atakuuzia giaboksi ya mtumba ambayo hakuna anayejua imetembea wapi. Kwa mtu wa bajeti ndogo hiyo tofauti ni kubwa kuliko senti utakazookoa kwenye mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi. Ukishuka Kitonga au ukitoka Lushoto kwenda Mombo kwa zile kona za Soni, gari la gia za mkono unaliweka gia ya pili au ya tatu na injini inalishika lenyewe. Breki zinabaki za baridi, zinakusubiri siku ya hatari. Nawaona watu wenye otomatiki wakishuka kwenye D kuanzia juu hadi chini, mguu juu ya breki, na harufu ya breki zilizoungua inafika kabla yao. Kama una otomatiki, zile alama za L, 2 na S hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Zitumie.

Sasa kwa hali yako. Kama kila siku unakaa barabara ya Mandela saa mbili, au una goti linalouma, chukua otomatiki ya kawaida ya gia nne, siyo CVT, ile otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za kuhesabika, ambayo huijui historia yake. Na ukichukua CVT, oili yake ni ya CVT, iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo hilo. Fundi akikuambia "haidroliki zote ni moja, mama," chukua ufunguo wako uondoke. Giaboksi nyingi nilizosikia zimekufa ziliuliwa na sentensi hiyo.

Ni kweli Honda Fit zinasumbua? Nimeipata nzuri, AC baridi, haina kipengele. (Mwalimu, Morogoro)

AC baridi haijawahi kuwa ushahidi wa chochote isipokuwa AC.

Fit ni gari la akili. Tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma vinakunjwa hadi sakafuni na unaingiza friji. Kinachowaponza wenye nazo ni mambo mawili. La kwanza, toleo la mwanzo la 2001 lenye CVT hutetemeka wakati wa kuondoka ikiwa oili ya gia ilichelewa kubadilishwa au iliwekwa isiyo yake. Lijaribu likiwa baridi, kisha lijaribu tena likishapata moto, uondoke polepole kwenye kamlima. Likitetemeka, muuzaji alishajua. La pili, injini yake ya 1300 ya wakati huo ina plagi mbili kwa kila silinda, jumla nane. Mafundi wengi hubadilisha nne za mbele kwa sababu zinafikika, za nyuma zinaachwa zioze, halafu gari linalaumiwa kwamba linakula mafuta. Uliza zote nane zilibadilishwa lini.

Usiguse Fit ya haibridi iliyotoka 2013 kama mfuko wako ni mdogo. Honda wenyewe waliziita zirudi mara kadhaa ndani ya mwaka wake wa kwanza, hasa kwa ajili ya mfumo wa gia.

Dalali kanitumia picha za Vitz namba D, bei ya chini sana, anasema kuna mteja mwingine njiani, nitume laki tano ya kuishikilia. (Msomaji, Dodoma)

Usitume.

Na kwa kuwa umeuliza, soma na haya. Gari linaangaliwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukifika ukakuta limeshawashwa, subiri lipoe au rudi kesho. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha maana yake linakula oili. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta tope jeusi limeganda, funga, aga, ondoka. Linganisha namba ya chasisi kwenye bodi na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Aliyeandikwa kwenye kadi ndiye anayeuza. Kama siye, mwenye gari apatikane. Angalia faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, kisha madeni ya maegesho ya TARURA. Madeni hayo yanalifuata gari, na utakaponunua yatakufuata wewe.

Hizo "namba D" na "namba E" nazo zimewapumbaza watu. Namba inakuambia lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini wala lilitumikaje Japani kabla ya hapo. Kuna namba C iliyokaa kwa mstaafu mmoja ambayo ni bora mara tatu ya namba E iliyokuwa teksi ya mtandaoni usiku na mchana.

Niagize Japani au ninunue hapa hapa? (Baba Neema, Mwanza)

Kwa bajeti ndogo, nunua hapa. Ukiwa na pesa zaidi na subira, agiza, lakini piga hesabu kamili kwanza. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini: hadi cc 1000 haulipi, kuanzia 1001 hadi 2000 ni asilimia 5. Ndiyo sababu mojawapo ya Vitz na Passo za cc 996 kujaa mitaani. Juu ya hapo, gari likizidi miaka minane linabeba ushuru wa uchakavu, na likizidi kumi unapanda zaidi. TRA wana kikokotoo chao na thamani zao. Ankara yako ikiwa ndogo kuliko thamani yao, watatumia yao. Kwa gari la zamani, kodi inaweza kuipita bei uliyolilipia kule. Wanaotangaza "Swift kwa dola elfu moja" hawakuelezi hilo.

Ukiamua kuagiza, dai karatasi halisi ya mnada yenye namba ya chasisi. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika ukiona picha. R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi siku unalipokea bandarini, kwa sababu kilomita zinarudishwa nyuma, na zinarudishwa hapa hapa.

Nataka kuishusha Vitz yangu na kuweka rimu za 17. Nianze na nini? (Msela, Sinza)

Anza kwa kuacha. Vitz ilitengenezewa rimu ndogo na tairi lenye ukuta mnene, na huo ukuta ndio unaomeza mashimo yetu. Ukiweka 17, tairi linakuwa ukanda mwembamba, rimu inapinda kwenye shimo la kwanza la mvua za masika, bearingi zinalia, usukani unakuwa mzito na gari linakuwa zito kuondoka. Ukilishusha kwa springi fupi juu ya shokapu zilizochoka, litadunda kila tuta hadi likutoe barabarani.

Pesa hiyo hiyo nunua matairi manne mapya ya ukubwa wa kawaida. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari mengi yanashuka bandarini na matairi yenye kashata nzuri lakini mpira umekauka, nayo yanapasuka kwenye joto la Chalinze mkiwa familia nzima ndani. Hili nalisema kwa uzito wote: msinunue gari na kuliendesha mkoani kabla hamjasoma hizo tarakimu.

Suzuki Alto ya cc 660 je? (Mwanafunzi, Arusha)

Mjini ni raha na mafuta inaramba tu. Kwanza tafuta nani Arusha ana spea zake. Ukikosa muuzaji wa pili wa spea hizo, iache.

Nimeona Polo na BMW ndogo kwa bei ya IST. Kwa nini nisichukue gari la maana? (Afisa, Kinondoni)

Bei imeshuka kwa sababu aliyenalo anakimbia bili. Polo za 1.2 turbo zilizotoka Japani nyingi zina giaboksi ya DSG, otomatiki yenye klachi mbili, ya gia saba, aina ambayo mwaka 2013 Volkswagen waliziita zirudi China na Japani kwa hitilafu. Ni magari matamu kuendesha, sikatai, na bodi yake imekaza kuliko Toyota yoyote ya bei hiyo. Lakini linahitaji fundi mwenye mashine ya kupimia na elimu ya kuisoma, na akiba inayolingana na bei ya gari jipya, siyo bei uliyolinunulia. Kama huna vyote viwili, chukua Demio.

Ndugu, sisi Mombasa tuna sheria ya kutoagiza gari lililozidi miaka minane. Ushauri wako wa Swift ya 2004 watusaidia nini? (Msomaji, Likoni)

Kwa kuagiza, hausaidii. Zilizoko Kenya tayari zinauzwa mkono kwa mkono, na vigezo vya kukagua ni hivyo hivyo. Ukitaka kuagiza kwa umri mnaoruhusiwa na mfuko ukiruhusu, tazama Swift Sport ya kizazi cha 2017: injini ya 1.4 yenye turbo, farasi 140, na ya gia za mkono ina kilo 970 tu. Ukidhani uzito huo ni wa kawaida, pima magari mengine ya siku hizi.

Nimeshanunua Swift ya 1300, gia za mkono. Nifanye nini kwanza? (Dada wa benki, Moshi)

Hongera, dada, umechagua vizuri. Mwaga oili yote ya injini, weka 5W-30 na filta mpya, hata kama muuzaji ameapa alibadilisha juzi. Kataa ile oili nzito wanayokuambia "inafaa gari la zamani". Hiyo inachelewa kufika juu ya injini asubuhi za baridi ya huko kwenu. Badilisha oili ya giaboksi na ya breki. Fungua rejeta ikiwa baridi: ukikuta maji yenye kutu, safisha mfumo wote uweke kulanti, kwa sababu maji matupu ndiyo yanayoua kichwa cha injini. Kisha bushi za mbele, kisha upimaji wa magurudumu, kwa mpangilio huo, maana kupima magurudumu juu ya bushi mbovu ni kutupa pesa.

Na kadi iende TRA iandikwe jina lako wiki hii, kabla aliyekuuzia hajabadilisha namba ya simu.