Nani huiambia ribosomu "basi"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tumefundishwa kwamba UAA, UAG na UGA ni kodoni za ukomo (kodoni ni herufi tatu za ujumbe wa jeni) kwa sababu hazina tRNA ya kuzisoma, yaani RNA ndogo inayoleta asidi amino, matofali ya protini. Nilivyoelewa, ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, ikifika hapo husubiri, ikikosa tRNA huachia, na protini hutoka. Mwenzangu anasema si hivyo. Nani yuko sahihi?
– Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko sahihi. Ribosomu iliyokosa tRNA haiachii, hukwama. Mnyororo wa protini bado umefungwa kwenye tRNA ya mwisho, na kifungo hicho lazima kikatwe.

Katika bakteria, wakataji ni protini mbili ziitwazo RF, yaani vipengele vya kuachilia: RF1 husoma UAA na UAG, RF2 husoma UAA na UGA. Mario Capecchi alionyesha mwaka 1967 kwamba kazi hii hufanywa na protini, na mpaka leo naona ni ajabu: kodoni zote nyingine husomwa na RNA, hizi tatu tu ndizo husomwa na protini.

Sasa tazama umbali. Kodoni husomwa katika kipande kidogo cha ribosomu, 30S. Kifungo cha kukatwa kiko katika kipande kikubwa, 50S, zaidi ya nanomita 7 kutoka hapo. RF2 husoma kwa ncha yenye asidi amino tatu: serini, prolini na fenilalanini. Ncha ya kukatia ina glisini, glisini na glutamini, yaani GGQ. Siku moja nilifungua kwenye kompyuta umbo la RF2 ikiwa peke yake, nikapima kutoka ncha hadi ncha. Nikapata nanomita 2 na ushei. Nilirudia mara tatu nikidhani nimebofya atomu isiyo yake. Sikuwa nimekosea: nje ya ribosomu RF2 hukaa imejikunja. Hujinyoosha ndani ya ribosomu, na kuisoma kodoni ndiko kunakouelekeza mkono wake wenye GGQ penye kifungo. Fikiria hasara ambayo ingetokea kama mkono huo ungetangulia kunyooka: minyororo ingekatwa ikiwa nusu.

GGQ ikifika, molekuli moja ya maji hupata nafasi ya kukishambulia kifungo. Maji ndiyo yanayokata! Ukibadilisha glisini mojawapo kati ya zile mbili, ukataji hudorora vibaya sana.

Baada ya hapo protini RF3, inayotumia nishati ya molekuli ya GTP, husaidia RF1 au RF2 kubanduka, kisha protini nyingine mbili, RRF na EF-G, hutenganisha vipande viwili vya ribosomu vikaanze kazi upya.

Lakini usiitupe fikra yako ya kusubiri. Katika bakteria E. coli, jeni ya RF2 yenyewe ina UGA mapema mno, kwenye kodoni ya 26. RF2 ikiwa tele, ribosomu hukomeshwa papo hapo. Ikiwa haba, ribosomu hungoja, na katika kungoja huko huteleza herufi moja mbele: CUU UGA C husomwa CUU, U inarukwa, kisha GAC, na kazi inaendelea hadi RF2 mpya ikamilike.