Madoa hayatoshi kumjua duma

Swali lenu la wiki hii: neno distinctive la Kiingereza lina maana gani hasa, na linatofautianaje na distinct?

Nafundisha Kiingereza na Kiswahili sekondari, na darasani huanza na duma. Madoa anayo, lakini hata chui anayo. Ukinitajia madoa peke yake bado sijajua unamsema nani. Ila ile michirizi myeusi inayoshuka kutoka kona ya jicho hadi mdomoni, chui hana. Hiyo ndiyo distinctive: sifa ambayo ukishaiona huulizi tena.

Wanaisimu wetu wana jina lake, sifa bainifu, na hapo ndipo penye utamu. Mzawa wa Mombasa au Lamu hatamki paa la nyumba sawa na paa wa porini. Jina la mnyama hutoka na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo wake utaisikia. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Kwake mpumuo ni sifa bainifu, maana ukiuondoa umetaja kitu kingine. Mwingereza naye huitoa pumzi hiyohiyo anaposema pin, na haitoi anaposema spin, lakini wala hana habari, kwa sababu katika lugha yake haitenganishi neno na neno. (Tahajia sanifu haiuonyeshi mpumuo huu, na sisi wa bara wengi tunajiendea kwa muktadha tu. Watu wa pwani wakitucheka, wana haki.)

Distinct ni habari nyingine. Husemwa juu ya vitu vilivyo mbalimbali: Kikamba na Kikikuyu ni distinct, hata kama ni ndugu. Au juu ya kitu kinachoonekana au kusikika waziwazi. Harufu iliyo distinct imekufikia barabara. Iliyo distinctive imekwambia kuwa ni doriani, lile tunda la harufu kali, kabla hujaliona.

Tena distinctive haisifu wala haikashifu, doriani lenyewe ni shahidi. Ukijiita distinctive teacher kwenye barua ya kuomba kazi, mkuu wa shule atajiuliza una nini. Aliyeheshimika kwa kazi yake ni distinguished, na hilo waachie wengine wakuite.